Kubadilisha leseni ya udereva baada ya kuhamia nchi nyingine: hatua kwa hatua

Leseni ya udereva haina nguvu ya pasipoti. Ukiwa mgeni katika nchi ya watu, kwa kawaida unaruhusiwa kuendesha kwa leseni uliyokuja nayo. Ukishahesabiwa kuwa mkazi, ruhusa hiyo inaanza kuhesabiwa siku, hata kama kadi yenyewe inaonyesha itaisha baada ya miaka mitatu. Hilo si ubishi wa maofisa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaziruhusu nchi zilizousaini kukataa leseni ya kigeni pale mwenye nayo anapohamishia makazi yake ya kawaida kwao.

Wanaokwama katika zoezi hili ni nadra kukwama kwa kutojua kuendesha. Wanakwama kwa tarehe na karatasi: wamechelewa, au hawawezi kuthibitisha leseni waliipata lini, wapi na kwa njia gani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla ya kufunga mizigo.

Hatua ya 1: Kazi ya kufanya kabla ya kuondoka

Anza na kadi. Ikiwa imebakiza chini ya mwaka mmoja kuisha, ihuishe sasa. Nchi nyingi hazibadilishi leseni iliyokwisha muda, na kuihuisha ukiwa ng'ambo kunaleta balaa la tarehe, ambalo si dogo.

Balaa lenyewe ni hili. Leseni zinazofuata mfumo wa kimataifa zina sehemu zenye namba. Namba 4a ni tarehe kadi hiyo ilipotolewa, 4b ni tarehe ya kuisha, 5 ni namba ya leseni, 9 ni madaraja, na safu ya 10, mara nyingi nyuma ya kadi, ni tarehe ulipopata kila daraja kwa mara ya kwanza. Kila ukihuisha, 4a inabadilika. Kama kadi yako haina safu ya 10, au imeachwa wazi, ofisa wa nchi uliyohamia anaona tarehe moja tu. Ukiwa umehuisha baada ya kuhamia, tarehe hiyo inasema ulipata leseni ukiwa tayari mkazi wa kwake, na sheria nyingi hazitambui leseni ya namna hiyo. Mtu mwenye uzoefu wa miaka 12 anaonekana kama aliyepewa leseni mwezi uliopita, tena katika nchi ambayo haishi.

Dawa yake ni barua ya uthibitisho kutoka mamlaka iliyotoa leseni. Hii ndiyo karatasi ya kwanza kwa umuhimu, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Iwe na kichwa cha ofisi, sahihi, mhuri na tarehe, na itaje majina yako kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, kila daraja na tarehe ulipolipata mara ya kwanza, tarehe ya kuisha, kama ulifanya mtihani wa udereva katika nchi hiyo, na kama leseni imewahi kufungiwa. Usikubali barua inayosema tu kwamba "leseni hii ni halali". Barua ya hivyo haijibu swali lolote utakaloulizwa. Jimbo la Ontario nchini Kanada, kwa mfano, ukitaka uhesabiwe uzoefu wa zaidi ya mwaka mmoja, linadai uthibitisho wa maandishi kutoka mamlaka iliyokupa leseni, au ubalozi wake. Bila hiyo unasubiri zaidi kabla ya kufanya mtihani wa leseni kamili. Iombe wiki chache kabla ya safari, kwa sababu ofisi nyingine hazipokei barua iliyokaa miezi mingi.

Kisha linganisha majina, herufi kwa herufi. Leseni yenye majina mawili na pasipoti yenye matatu, jina la ndoa upande mmoja na la ujana upande mwingine, Mohamed huku na Muhammad kule: hayo yote yanarekebishika kwa siku chache ukiwa karibu na ofisi husika, na kwa miezi ukiwa mbali. Ikishindikana, beba cheti cha ndoa au hati ya kiapo ya kubadili jina.

Beba pia pasipoti za zamani. Baadhi ya nchi hutaka ushahidi kwamba uliishi katika nchi iliyokupa leseni kwa muda fulani baada ya kuipata. Japani hudai angalau miezi 3, na huithibitisha kwa mihuri ya kuingia na kutoka. Waliopita kwenye mageti ya kielektroniki ya uwanja wa ndege, yasiyogonga muhuri, hujikuta wakitafuta kumbukumbu za uhamiaji. Kama ulipata leseni ukiwa likizoni katika nchi usiyokaa, tarajia swali hilo.

Leseni ya kimataifa, kile kijitabu cha karatasi, nayo hutolewa nchini kwako tu, kwa hiyo ichukue kabla ya kuondoka. Lakini ijue kwa sura yake halisi: ni tafsiri ya leseni yako na haina maisha bila kadi. Ya Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani hudumu mwaka mmoja, ya Vienna hadi miaka mitatu, na kuna nchi zinazokubali aina moja tu. Japani hukubali ya Geneva pekee. Hata ile ya miaka mitatu haiongezi hata siku moja kwenye muda uliowekewa mkazi mpya. Na tovuti zinazouza "leseni ya kimataifa" kwa mtu yeyote, popote alipo, baada ya kutuma picha, zinauza karatasi. Trafiki anayeijua kazi yake ataiweka pembeni na kuomba kadi.

Hatua ya 2: Jua siku zako zilianza kuhesabiwa lini

Kuna mihula miwili, na watu huichanganya. Mmoja ni muda wa kuendesha kwa leseni ya kigeni. Mwingine ni muda wa kuomba kubadilishiwa.

Ujerumani inakupa miezi 6 ya kuendesha tangu ulipoweka makazi. Inaweza kuongezwa hadi miezi 6 mingine kwa anayeonyesha kwamba hatakaa zaidi ya mwaka. Miezi 6 ikipita, kuendesha ni kosa la jinai, ingawa haki ya kuomba kubadilishiwa inabaki. Uingereza inatoa miezi 12 ya kuendesha, na wenye leseni za nchi zinazokubaliwa kubadilishiwa wana miaka 5 ya kuomba tangu wawe wakazi. Katikati hapo, kama hujabadilishiwa, gari linakaa. Ufaransa inahesabu mwaka mmoja wa kuomba tangu kuanza kwa kibali cha kwanza cha ukaazi, na anayeupitisha hurudi kwenye mtihani hata kama nchi yake imo katika makubaliano. Ontario inakupa siku 60 za kuendesha. California inamtaka mkazi mpya awe ameomba leseni ya jimbo ndani ya siku 10. Katika Falme za Kiarabu, mtu akishakuwa na viza ya ukaazi hana muda wa neema: haendeshi hadi apate leseni ya huko.

Siku ya kwanza ni ipi? Inategemea sheria: ya kuandikisha anwani, ya kuanza kwa kibali, au ya kuingia kwa nia ya kukaa. Si siku uliyonunua gari, wala siku ulipoanza kazi. Kuvuka mpaka na kurudi wikiendi hakufuti hesabu. Andika tarehe hiyo mahali, kisha panga kutuma maombi kabla nusu ya muda haijapita, maana miadi ya ofisini inaweza kuwa ya wiki sita mbele.

Hatua ya 3: Jua uko kundi gani

Nchi huzigawa leseni za kigeni kwa makubaliano, si kwa ubora wa dereva. Kundi la kwanza hubadilishiwa moja kwa moja: unatoa kadi, unapewa kadi. Kundi la pili hupunguziwa: labda mtihani wa nadharia tu. Kundi la tatu huanza upya, au karibu na upya.

Orodha hizi ni mahususi kuliko watu wanavyodhani. Za Uingereza na Ujerumani zote zina Afrika Kusini. Zimbabwe imo ya Uingereza, Namibia imo ya Ujerumani. Kwa Marekani, Ujerumani haitazami nchi bali jimbo: leseni ya jimbo moja hubadilishwa bila mtihani na ya jimbo jirani inadai nadharia. Kwa hiyo usitegemee jibu la mtu aliyehamia nchi ileile kutoka nchi nyingine. Jibu lake ni sahihi kwake. Soma orodha kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, siku ileile unayotaka kuomba, kwani hubadilika.

Mtego mmoja unawanasa waliohama zaidi ya mara moja. Umefanya mtihani nchi A, ukabadilishiwa nchi B, sasa uko nchi C iliyo na makubaliano na B. Unadhani umepona. Nchi nyingi huuliza mtihani ulifanyika wapi, na kadi yenyewe hufichua: ndani ya Umoja wa Ulaya, leseni iliyotokana na kubadilisha huwekewa namba 70 pamoja na alama ya nchi ya asili. Ukihamia nchi nyingine ya Umoja huo, nayo inaweza kukataa kuitambua ikiwa asili yake ni nje ya Umoja.

Hatua ya 4: Tafsiri na karatasi nyingine

Mkoba wa kawaida una leseni halisi, pasipoti, kibali cha ukaazi, uthibitisho wa anwani, picha, barua ya mamlaka na tafsiri. Kwenye tafsiri ndipo pesa hupotea. Nchi nyingi hazipokei tafsiri ya mtu yeyote mwenye mhuri. Hutaka ya mtafsiri aliyeapishwa na mahakama zao, au ya taasisi waliyoitaja, mara nyingi chama cha madereva cha nchi hiyo. Tafsiri uliyoilipia nyumbani, hata ikiwa na mihuri mitano, inaweza kurudishwa dirishani. Itafsiri ukishafika, baada ya kuuliza.

Mtafsiri atafsiri kadi yote, mbele na nyuma, pamoja na maandishi madogo ya madaraja na masharti. Mwambie aandike mwezi kwa neno, si kwa namba. Tarehe 04/03 ni ya mwezi wa tatu kwa wengine na ya mwezi wa nne kwa wengine, na kosa hilo limewahi kuwasukuma watu nje ya muda.

Upimaji wa macho ni jambo jepesi, ila lina tarehe ya kuisha. Wa Ujerumani hukubalika kwa miaka 2. Kama unavaa miwani, vaa siku ya kupimwa. Sharti la miwani litaandikwa kwenye leseni na si aibu. Kwa leseni zilizo nje ya orodha yake, Ujerumani huongeza kozi ya huduma ya kwanza ya vipindi 9 vya dakika 45, ambayo kwa kawaida huisha kwa siku moja. Ifanye mapema, usiiache iwe kitu kinachokuchelewesha mwishoni.

Hatua ya 5: Dirishani

Piga picha kadi yako pande zote mbili, na uitoe kivuli kilichothibitishwa, kabla ya kuikabidhi. Mahali pengi leseni ya zamani inachukuliwa na kurudishwa kwa mamlaka iliyoitoa. Kudai imepotea ili ubaki na mbili ni wazo baya, kwa sababu unaweka tamko la uongo kwenye faili la serikali linalolinganishwa na majibu ya nchi yako. Japani ni tofauti kidogo: hukupa ya kwao na kukuachia ya kigeni.

Uliza maswali mawili kabla ya kuondoka hapo, na uombe majibu kwa maandishi ikiwezekana. Je, naruhusiwa kuendesha wakati nasubiri? Na je, mtaiandikia nchi yangu kuthibitisha? Kama jibu la pili ni ndiyo, subira itategemea kasi ya ofisi ya nyumbani, nayo inaweza kuwa miezi. Hapo barua uliyoibeba inaokoa, au angalau inampa ofisa mtu wa kumpigia. Risiti ya maombi si leseni ya muda, isipokuwa imeandikwa hivyo.

Hatua ya 6: Kama unatakiwa kufanya mtihani

Dereva mwenye uzoefu wa miaka 15 hufeli nadharia kwa urahisi kuliko kijana wa miaka 18, kwa sababu anajibu kwa mazoea. Soma kitabu cha sheria za nchi hiyo kama mtu asiyewahi kushika usukani. Uingereza ni maswali 50 na unahitaji 43, kisha sehemu ya kutambua hatari kwenye video, alama 44 kati ya 75. Ujerumani ni maswali 30 yenye uzito tofauti. Ukizidisha pointi 10 za makosa umefeli, na makosa mawili ya maswali ya pointi 5 yanatosha kukuangusha. Inafanyika kwa Kijerumani na lugha 12 nyingine, zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili hakimo.

Kwenye vitendo, gari unalimudu. Kinachokuangusha ni ambacho mtahini hakukuona ukifanya. Kutazama kioo kwa kupitisha jicho tu hakuhesabiwi. Geuza kichwa kidogo aone. Kabla ya kuhama upande, kioo cha ndani, kioo cha pembeni, kisha juu ya bega, kwa sababu kuna eneo ambalo vioo havilioni. Kwenye alama ya kusimama, magurudumu yasimame kabisa kabla ya mstari. Kupunguza hadi mwendo wa kutambaa ni kosa la kufelisha sehemu nyingi, na ndilo kosa la kwanza la madereva wazoefu. Sheria ya makutano yasiyo na alama nayo ina utamaduni wake: Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata kama barabara yako inaonekana kubwa zaidi. Kwenye kipilefti, mara nyingi aliye ndani ndiye mwenye haki, lakini thibitisha kwa nchi yako mpya.

Mtihani wa Japani hufanyika ndani ya uwanja maalumu, si barabarani, na hupima utaratibu: kusogea pembeni kabla ya kukata kona, mwendo wa taratibu kwenye mikunjo, kichwa kugeuka kila mara. Wa Uingereza ni wa barabarani, kama dakika 40, unaanza kwa kusoma namba ya gari kutoka mita 20. Makosa madogo 15 yanavumilika, kubwa moja halivumiliki.

Lipia vipindi viwili au vitatu vya mwalimu wa hapo, hata kama sheria haikulazimishi. Ujerumani haimwekei mwenye leseni ya kigeni idadi ya vipindi, lakini mtihani hufanywa na mwalimu akiwa ndani ya gari, hivyo shule utaihitaji tu. Mwambie mwalimu waziwazi: "Naomba unioneshe mazoea yangu mabaya, kuendesha nimezoea." Kama unahama kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia, omba kipindi kizima cha kukata kona na kutoka kwenye maegesho. Mtu husahau upande pale barabara ikiwa tupu, mara chache kwenye foleni.

Hatua ya 7: Otomatiki, pikipiki na malori

Ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, nchi nyingi zitakuwekea sharti hilo; Ulaya ni namba 78 kwenye safu ya 12. Kama una uzoefu wa gia za mkono, usiuze haki hiyo kwa ajili ya urahisi wa siku moja, isipokuwa una hakika hutaihitaji.

Madaraja ya malori na mabasi kwa kawaida hayabadilishwi pamoja na la gari dogo. Uingereza, kwa mfano, haitoi madaraja hayo kwa kubadilisha leseni ya nje ya Ulaya. Na hata ukilipata, kuendesha kibiashara katika Umoja wa Ulaya kunadai sifa ya kitaalamu, namba 95, pamoja na mafunzo ya saa 35 kila miaka 5. Anayehamia kwa ajili ya kazi ya lori ajue kwamba leseni ya gari dogo ni ngazi ya kwanza tu, na bajeti ya muda iende hivyo.

Wakati unasubiri, na kadi ikifika

Bima ndiyo hatari kubwa ya kipindi hiki, kuliko faini. Ukigonga mtu baada ya muda wako kuisha, kampuni inaweza kuhesabu kwamba hukuwa na leseni, na deni likabaki kwako. Mjulishe wakala wa bima aina ya leseni uliyonayo, na umpe barua ya bima ya zamani inayoonyesha miaka uliyokaa bila kudai fidia. Baadhi huipokea na kupunguza ada, baadhi hawaitazami. Kuuliza ni bure.

Vishoka hujitokeza hapa hasa, wakiahidi "kubadilisha bila mtihani". Wanachouza ni leseni ya nchi ya tatu, ya kughushi au isiyo na mtihani nyuma yake. Uhakiki ukifanyika, hupotezi pesa tu. Kibali cha ukaazi nacho kinaingia mashakani.

Kadi ikifika, ikague ukiwa umesimama palepale: jina, tarehe ya kuzaliwa, kila daraja, masharti, na hasa tarehe ya safu ya 10. Ofisi nyingine huandika siku ya kubadilisha badala ya siku uliyopata leseni mara ya kwanza, na unageuka dereva mpya: bima inapanda, na katika nchi zenye kipindi cha majaribio unaingizwa humo. Peleka barua yako ya uthibitisho wiki hiyohiyo waisahihishe, kisha mpe wakala wa bima namba mpya.